Riboni za Wekoye

Jumatatu, 9 Juni 2025
Shamba la mahindi ya mbegu, Kitale. Mgongo umekufa. Wekoye, rafiki yangu tangu kwetu Myanga, hufunga riboni kwenye mahindi yenye kasoro. Sisi wengine tunafuata, tunang'oa. Leo mkono wake ulitetemeka, riboni zikaanguka. Mbogo, kibarua mwenzetu, akamwambia msimamizi Kang'ethe ati Wekoye amelewa. Wekoye, mzee wa kanisa! Kang'ethe amesema asiyeweza kufunga riboni arudi kwao.

Jumanne, 10 Juni
Wekoye amenieleza. Daktari wa Bungoma alituma damu yake ikapimwe. Mwilini kuna kimeng'enya kinaitwa parkini. Hutia alama kwenye vitu vilivyochakaa ndani ya chembe hai, ili vivunjwe. Chake kina kasoro ya kuzaliwa. Takataka zinarundikana, chembe za ubongo zinakufa, mkono unatetemeka. Na hajafika arobaini! Dawa hutuliza tu, haiponyi. Nikasema kumbe hata mwilini kuna kibarua wa riboni, na wake amegoma. Alicheka mpaka akakohoa.
Nina mpango.

Jumatano, 11 Juni
Nimemfungia riboni kwa siri, alfajiri. Ukungu! Mahindi yote sura moja. Nikaona heri nizidishe. Wenzangu wakang'oa mstari mzima wa mahindi mazuri. Kang'ethe alipiga mayowe. Wekoye akasema kosa ni lake. Jioni nikamwendea kuomba radhi. Yeye ndiye aliyenibembeleza! Ati daktari alisema viko vimeng'enya vingine vya kazi hiyo, na vikizidisha alama, hata vitu vinavyoulinda mwili huvunjwa, saratani ikapata njia. Kwa hiyo mimi ni saratani. Asante, bana.

Alhamisi, 12 Juni
Kang'ethe alikuja kumfukuza. Wekoye akamweleza ugonjwa wake. Huku akieleza, mikono mfukoni, akawa anaonyesha mahindi kwa kuchongoa mdomo, vile tunavyoonyesha kwetu: lile bovu, na lile. Kang'ethe alikagua. Yote kweli mabovu! Ameamua Wekoye aonyeshe, Mbogo afunge. Na siku ya kliniki aende Bungoma bila kuuliza. Nililia kidogo. Nikasema ni vumbi.

Ijumaa, 13 Juni
Wekoye anatembea kama bwana shamba, mdomo mbele. Mbogo anainama, anafunga. Mimi bado nang'oa.
Nimewaza. Jioni nimemwomba Wekoye anifundishe kutetemeka. Amecheka hadi machozi. Amesema nafanana na kuku aliyenyeshewa, nitetemeshe mkono mmoja tu, na magoti niyaache.
Kesho naanza na wa kulia. Huo ndio unaong'oa.