Mgeni Rasmi Chini ya Kitanda

Haya nitakayoyasema ni kweli kavu. Ikipatikana humo chembe ya uongo, nilazwe kifudifudi barazani kwangu, watu wanipite kama zulia.

Siku ya kuzindua tiba mpya, Mkurugenzi Mkuu, ndiye mgeni rasmi, alitangaza kwa kipaza sauti kwamba taifa limeingia rasmi katika Zama za Kuona. Na kweli lilikuwa limeingia. Daktari wa macho wa hospitali yetu alikuwa amebuni upasuaji mpya wa retina iliyobanduka, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unapoachia kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Anabandika kiraka chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kisha anaingiza kiputo cha gesi jichoni kikikandamize mpaka kishike. Sharti ni moja: mgonjwa alale kifudifudi wiki nzima. Akiinua uso, kiputo kinahama, kiraka kinang'oka, jicho kwaheri.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mama aliyebakiwa na jicho moja, hilo hilo lililopasuliwa. La pili lilikufa zamani. Mimi nilikuwa afisa itifaki mdogo, mbeba mkasi wa utepe.

Tukaingia wodini, Mkurugenzi mbele, kamati ya sherehe na mpiga picha nyuma. Fundi kalala kwenye kitanda chenye tundu la uso, anatazama sakafu.

"Mwambieni anitazame," akasema Mkurugenzi.

"Haiwezekani," akasema daktari.

"Waraka wa Uelekeo wa Nyuso, kifungu cha nne: hakuna mbinu ya macho itakayotambuliwa mpaka mgonjwa amtazame mgeni rasmi, na mgeni rasmi ajiridhishe kwamba ametazamwa."

"Akiinua kichwa atapofuka."

"Atapofuka kwa mujibu wa waraka. Inua kichwa, mama, dakika moja tu."

"Mheshimiwa," sauti ikatoka tunduni, "nikipofuka, utakuja kunitungia uzi kwenye sindano?"

Hapo ndipo mimi, kwa akili zangu za kuzaliwa, nikashauri: kama uso hauendi kwa mgeni rasmi, basi mgeni rasmi auendee uso.

Kamati ikafanya kikao cha dharura pale pale karibu na sinki, ikaridhia. Mkurugenzi akavua koti, akalala chali, akajisukuma chini ya kitanda. Kitambi kikakwama kwenye chuma. Wajumbe wawili wakamsukuma kwa miguu yake, akaingia. Na kwa kuwa itifaki inakataza mjumbe kumzidi kimo mgeni rasmi, kamati nzima ikalala chini.

"Unaniona?" Mkurugenzi akauliza kutoka huko.

"Naona duara jeusi linatikisika."

"Andikeni. Nimetazamwa."

"Hicho ni kiputo," akasema daktari.

"Daktari, usiingilie mambo ya kitaalamu."

Mfagizi, aliyekuwa ametoka kuchota maji, akarudi na ndoo. Akazitazama suti zilizojipanga sakafuni. "Jamani, kama bado mmelala, inueni miguu basi, nipige deki."

Wakainua, wote kwa mpigo mmoja. Mpiga picha hakukosea. Kesho yake nchi nzima iliona soksi ya Mkurugenzi iliyotoboka kidole, na mbinu ikawa imetambuliwa rasmi. Wiki ilipoisha, fundi aliinua uso, akaona.

Nilipofika hapa katika kuandika, mtu akakohoa nyuma ya kiti changu. Ni dada wa mke wangu, fundi cherehani, kavaa miwani, anasoma kupitia begani kwangu.

"Shemeji," akasema, "huyu afisa itifaki mdogo ndiye nani?"

"Ni mtindo tu wa uandishi."

"Mkurugenzi ulikuwa wewe. Uliyeniambia niinue kichwa ni wewe, mimi ndugu wa mkeo. Na wazo la kulala chini lilikuwa la mfagizi, tena alikuwa anakutania."

"Wewe ulikuwa unatazama sakafu. Ungemjuaje Mkurugenzi?"

"Nawe ulikuwa wapi?"

Nikageukia mlangoni. Mke wangu alikuwa keshatoa mkeka, na mto wa kuwekea kifua.

"Wiki nzima?" nikauliza.

"Mpaka ushike," akasema shemeji.

Basi mistari hii ya mwisho naiandika kifudifudi barazani. Leo ni siku ya tatu. Majirani nawajua kwa viatu, nao wananisalimu kwa adabu ambayo sikuwahi kuipata ofisini. Sasa hivi shemeji ametoka na ufagio.

"Inua miguu, Mheshimiwa."

Nimeinua.