Yah: Kidude cha Ukubwa wa Kiberiti Kuitwa Baba Mdogo Nyumbani Kwangu

Ndugu Mhariri wa Jarida la Vifaa Vidogo,

Pokea salamu zangu, ingawa nazitoa shingo upande. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, mume wa fundi cherehani, na baba wa watoto watatu. Hilo la mwisho ndilo limenifanya nishike kalamu, maana siku hizi lina mgogoro.

Mke wangu ni msomaji wako. Alianza na ule ukurasa wenu wa kompyuta ndogo, zile bodi tupu zisizo na kioo wala kibodi, ambazo mnadai zinakula umeme kidogo kuliko balbu na zinaweza kufanya lolote. Mimi niliudharau. Nikadhani ni mambo ya kupita, kama yalivyopita mambo ya kufuma vitambaa. Hayakupita. Sasa iko moja ukutani kwangu, ndani ya kasha la sabuni yangu, na ina cheo kikubwa kuliko changu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na naomba uyasome kwa mpangilio kwa sababu kila moja limemzaa mwenzake.

1. Jinsi kidude kilivyochaguliwa. Mliweka jedwali la kulinganisha bodi. Mke wangu alilikalia mezani na penseli mkononi kama anapima suti ya bwana harusi. Akalinganisha kasi. Akalinganisha kumbukumbu, matundu ya kuchomekea nyaya, kinapata joto kiasi gani kikifanya kazi, na kinakula kiasi gani kikiwa kimekaa tu. Ndugu Mhariri, mimi nilipokwenda kuposa hakuna aliyeuliza nina kumbukumbu kiasi gani. Hakuna aliyeuliza nakula kiasi gani nikiwa nimekaa tu. Shangazi yake alitazama viatu vyangu, akasema vinafaa, mambo yakaisha. Simlaumu shangazi, lakini unaona mwenyewe nani kati yetu aliingia nyumba hii kwa heshima.

2. Kazi. Maji ya mtaa wetu huja yanapotaka yenyewe. Yakija, lazima mtu awashe pampu, apande ngazi, achungulie tangi, na likijaa apige kelele, "Zima!" Mtu huyo nilikuwa mimi. Na nilikuwa naipiga kwelikweli hiyo zima, watoto wakikimbilia swichi huku wanasukumana. Kadhalika kuwaamsha asubuhi, na kuzunguka vyumbani nikizima taa na kuuliza kama kuna mtu humu anayedhani mimi ndiye mwenye mtambo wa umeme. Hizo ndizo zilikuwa kazi zangu, nami sikuwahi kuomba likizo.

Mke wangu akatumbukiza kidude cha kupimia maji ndani ya tangi, akapitisha waya kwenye dirisha la jikoni, akaunganisha na bodi. Siku ya kwanza nilikuwa juu ya ngazi, nimeshavuta pumzi ya kupiga kelele, pampu ikanyamaza yenyewe. Nikashuka na pumzi yangu. Taa nazo zinajizima. Asubuhi kinalia pii, pii, pii, na hakuna anayenitafuta.

3. Jina. Hapa ndipo mlipoharibu kabisa. Kwa kuwa kinafanya kazi za baba, na kwa kuwa ni kidogo, watoto wakakiita Baba Mdogo. Siku ya kwanza nilicheka. Nilicheka peke yangu na nimejuta peke yangu.

Wewe ni mtu mzima, unajua baba mdogo ni nani. Ni mdogo wangu wa kuzaliwa, dereva wa lori, mtu mrefu mpole ambaye hajawahi kuja kwangu bila kupiga simu kwanza. Sasa, kitindamimba wetu aliulizwa na mwalimu wake anaishi na nani nyumbani. Akaeleza, tena kwa fahari. Baba mdogo yuko kwetu kila siku. Baba mdogo ndiye anayetuamsha na kutuletea maji. Akipata joto, mama anamfungua anampepea. Juzi mama alimlaza mezani akamfuta vumbi kwa brashi, na baba alikuwepo, anaangalia mpira.

Mwalimu akaniita shuleni. Akanipa kiti, akafunga mlango, akaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema si lazima nizungumze kama bado siko tayari.

Kutoka hapo habari ilimfikia mama yangu mzazi, kupitia kwa mtu nisiyetaka kumtaja, ila ana duka mkabala na shule. Mama hakunipigia mimi. Alimpigia mdogo wangu akiwa safarini na kumpa vidonge vyake vyote: anawezaje kupepewa na shemeji yake mchana kweupe, kaka yake yu hai, tena yuko sebuleni! Mdogo wangu akageuza lori na mzigo wake. Aliingia kwangu kofia mkononi, hakusalimia, akaanza kuapa kwamba tangu nioe hajashika hata kikombe chetu bila kuomba ruhusa. Ikabidi tumpeleke ukutani tumwoneshe kasha la sabuni. Akalitazama, akanitazama. Ndipo kitindamimba akamshika mkono na kumfafanulia kwa adabu zote kwamba Baba Mdogo ni huyu hapa, kwa hiyo yeye kuanzia leo ni Baba Mdogo Mkubwa.

Mdogo wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Yaani mtu niliyembeba mgongoni amekuwa Mkubwa, kidude kimekuwa Mdogo, na mimi nimebaki Baba tu, bila nyongeza yoyote.

4. Kuenea. Kimoja hakikutosha, maana kila toleo lenu lina mradi mpya. Cha pili kinapima unyevunyevu wa chumba chetu cha kulala na kumtumia ujumbe mke wangu, ambaye wakati huo yumo chumbani. Kinahesabu pia friji imefunguliwa mara ngapi, na matokeo yanasomwa mezani mbele ya wageni. Cha tatu kazi yake ni kuangalia kama viwili vya kwanza viko macho. Maana yake vimepewa msimamizi! Sisi pale stoo tumeomba msimamizi tangu enzi za meneja aliyepita, hadi leo kimya.

5. Hili si la kuchekwa. Naogopa, Ndugu Mhariri. Kazi zangu zilikuwa ndogo, najua, hata kidude kisicho na kichwa kimeziweza. Lakini ndizo zilizokuwa zinawafanya wanangu waitike wakisikia sauti yangu. Sasa narudi kutoka kazini, kila kitu kimeshawashwa, kimeshazimwa, kimeshajaa. Nakaa kwenye kiti na mikono yangu mapajani kama mgeni anayesubiri kuambiwa karibu. Naumia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Kwa hiyo naomba jarida lako lichukue hatua hizi bila kuchelewa. Kwanza, mtangaze kwamba hakuna kifaa kitakachopewa cheo cha ukoo. Kiitwe bodi, kiitwe kidude, kikijitahidi sana kiitwe jirani. Pili, jedwali lenu liongezwe safu isemayo: kazi hii alikuwa anaifanya nani, na sasa mnataka akae wapi? Tatu, na hili ndilo la haki kuliko yote, katika ulinganisho ujao mniweke na mimi. Kasi yangu ni ya wastani. Joto langu linavumilika. Umeme ukikatika siwashwi upya na mtu, naendelea kulalamika gizani vilevile. Matundu ya kuchomekea nyaya sina, lakini mikono ninayo miwili na yote iko wazi. Nikishindwa kihalali, mbele ya wasomaji wote, nitasalimu amri, mniandikie matumizi na tahadhari, na mke wangu anitafutie kasha linalonienea.

Nikifikia hapa naweka kalamu chini nikingoja jibu la maandishi. Nisalimie wote ofisini, kuanzia mchapaji hadi yule anayechora majedwali. Msalimie na mwenzako wa nyumbani, kama bado anakumbuka swichi ya taa iko upande gani.

Ni mimi niliyeonewa,
Mtunza Stoo

Tanbihi: Nilikuwa nimeshabandika bahasha, nimeichana tena. Mke wangu amekuja hapa na kipaza sauti cha kurekodia, kidogo kama punje ya harage. Kumbe watoto wameizoea ile pii, hawaamki ng'o. Akajaribu kuweka sauti ya yule mwanamke wa kwenye programu, anayeongea kama anatangaza ratiba ya ndege. Binti mkubwa akasema kwa sauti ile hata nyumba ikiungua hatoki kitandani. Wakaulizwa wanataka sauti ya nani, na wote watatu, bila kushauriana, wakasema ya baba. Mke wangu alinieleza hayo huku anahangaika na waya, hakunitazama, lakini nilimwona anatabasamu. Basi nimesoma "Amkeni!" Nimesoma "Nani ameacha taa inawaka?" Akasema inatosha, nikamwomba asizime kwanza. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, futa kuanzia namba moja hadi mwisho. Nina swali la kiufundi tu: katika kadi za kumbukumbu mnazozipendekeza, ipi ina nafasi kubwa kuliko zote? Hii iliyomo inasemekana imebakiza nafasi ya sentensi chache, na mimi ndiyo kwanza nimesafisha koo.