Shingo Yangu na Bima ya Abdulmalik

Jumatatu, 17 Machi

Nimegongwa! Nyuma! Mchana kweupe, mtaa wa Msimbazi, na swaumu yangu kichwani! Na nani? Abdulmalik. Magari yote haya ya Dar, anigonge muuza mapazia mwenzangu, wa duka linalotazamana na langu, yule aliyeiga rangi zangu za Idi mwaka jana.

Anadai nilifunga breki ghafla. Ndiyo, nilifunga. Nilimwona mteja wangu Bi Nawal anaingia dukani kwa huyohuyo Abdulmalik. Ningepita tu? Anadai pia taa zangu za breki haziwaki. Haziwaki tangu Januari, Kariakoo nzima inajua, na yeye kama jirani alipaswa kuwa mwangalifu zaidi. Mtu anayeacha nafasi mbele yake ana haja gani na taa? Alinifuata bampa kwa bampa, simu sikioni.

Trafiki kapima, kaandika, kasema mwenye kosa ni aliyegonga nyuma, ila na mimi nikatengeneze taa. Ila! Sikuipenda kabisa hiyo ila.

Bampa limeingia kwenye tairi, gari halisogei. Idi hiyo inakuja, Magomeni yote inabadilisha mapazia, na mimi sina gari la kuwapelekea. Mwezi huu ndio unaonilisha mwaka mzima.

Jumanne, 18 Machi

Ofisi ya bima. Bima yangu ni ndogo, haitengenezi gari langu. Lakini ya Abdulmalik inatakiwa kunilipa mimi. Haki ipo duniani!

Nimepokewa na Muhiddin, kijana mpole, shikamoo nyingi. Akasema nilete ripoti ya polisi na makadirio ya fundi, gari litakuwa tayari kabla ya Idi. Halafu akauliza kama nimeumia, maana majeruhi anachukua fomu ya PF3 polisi, anatibiwa, kisha analeta vyeti vya daktari.

Sikuwa nimeumia. Lakini alivyouliza kwa huruma vile, nikajikuta nimeshika shingo. Nikamwambia haigeuki. Kulia haiendi, kushoto ndiyo usiseme. Bampa ni bampa tu, shingo ni duka la pili.

Akasema basi madai yote yatasubiri daktari wao aione shingo, gari likiwemo. Yasubiri!

Jumatano, 19 Machi

Nimenunua ule mkanda mgumu wa shingoni, kule mtaa wa Mchafukoge. Unawasha. Mke wangu Mauza kauliza kama swaumu ya muongo inahesabiwa. Nimemjibu kwamba maumivu mengine hayaonekani. Kasema ndiyo, hasa yasiyokuwepo.

Wakati wa kufuturu sikuweza kuona sahani. Maharage ya nazi yote kwenye kanzu. Abdulmalik kaleta tende za kunipa pole. Dharau iliyoje! Nimezila zote ili asipate kusema nina kinyongo.

Bi Nawal naye kaja kunipa pole. Kisha kavuka barabara, kaagiza mapazia kwa Abdulmalik.

Ijumaa, 21 Machi

Aibu. Hasira. Sijui nianze na ipi.

Nilikwenda msikitini mapema, nikakaa safu ya mbele nipewe pole na wengi. Nikapewa. Mkanda nikauvua kabla ya swala, maana haukubali kusujudu. Nikaswali shingo imenyooka kama mlingoti. Vizuri kabisa.

Imamu akatoa salamu. Nami nikageuka kulia, mpaka begani, kama nilivyofundishwa chuoni nikiwa na miaka sita. Nani yupo? Muhiddin wa bima! Ningeishia hapo. Lakini nani amewahi kutoa salamu nusu? Nikageuka kushoto, mpaka begani. Abdulmalik!

Mlangoni Muhiddin kanishika mkono, kamshukuru Mungu kwa shingo kupona ndani ya swala moja. Nikamwambia ni baraka za mwezi mtukufu. Kasema baraka kubwa namna hiyo lazima wakubwa zake nao wazisikie.

Nauliza: mtu anayekagua shingo za wenzake msikitini, swala yake ipo kweli?

Jumatatu, 24 Machi

Madai yangu yamepelekwa kwa wachunguzi. Gari pia! Gari limekosa nini?

Abdulmalik kaja na ombi. Atapakia mapazia yangu kwenye gari lake, ayapeleke Magomeni mwenyewe, bure, kwa sababu ya mwezi. Nikakataa katakata. Anataka kuwajua wateja wangu! Niliporudi kutoka swala ya alasiri rafu zilikuwa tupu. Mauza alimkubalia, tena akaenda naye kuwaonyesha nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako!

Wateja wameridhika. Wote wanamsifu Abdulmalik.

Jumanne, 25 Machi

Muhiddin kapiga simu. Kasema amenitetea kwa wakubwa zake. Nikienda kesho nikaandika kwamba naifuta shingo, gari linaingia kwa fundi saa hiyohiyo na Idi nitaiona nikiwa naendesha. Mauza karibu alie kwa furaha. Kasema nimshukuru Mungu, nisaini, nirudi nyumbani.

Nitasaini. Shingo naifuta kabisa, mimi si mtu wa kung'ang'ania. Lakini nimewaza mchana kutwa na kosa nimeliona: nilichagua kiungo kibaya. Kesho nikimaliza kusaini nitainuka pale kitini taratibu, nitashika meza, halafu nitaanza kuchechemea. Goti halitoi salamu.