Pikipiki ya Mzee Juu ya Tela

Jumatatu, 3 Juni

Dada kapiga simu hata uso sijanawa. Mzee wetu hali mbaya. Daktari kasema arudishwe nyumbani akae na watu wake. Chakula hali, maji hanywi, anaomba kitu kimoja tu: aisikie pikipiki yake ikiingia getini. Ile aliyozunguka nayo kutibu ng'ombe wa watu maisha yake yote, akanirithisha mimi, mwanawe wa kiume wa pekee. Nikaenda kulia chooni, maji nimeyafungulia.

Nikatoka, upande wa pili simu kaishika mume wa dada. Mimi humwita Mjuaji. Eti shemeji, usihangaike, nakuja leo hii na pikapu, naipakia, jioni iko kwa Mzee. Thubutu! Yeye ndiye ashushe pikipiki ya baba yangu, mimi nimekaa pembeni kama furushi! Halafu Mzee anajua naiendesha kila siku kwenda kazini. Nimemwambia mwenyewe, miaka nenda rudi. Iko stoo. Kuku anatagia kwenye kiti. Na mimi barabara kuu juu ya pikipiki naiogopa kama ukoma.

Basi, mpango. Naipandisha kwenye tela, navuta kwa gari langu mpaka kona ya mwisho kabla ya kwa Mzee. Pale nashusha, nawasha, naingia getini nimevaa kofia ngumu, vumbi usoni. Vumbi nitajipaka. Nani atajua?

Jumanne, 4 Juni

Tela sina. Fundi wa kuchomelea naye hana chuma. Nikampa kitanda chetu. Chuma cha zamani, imara. Mama watoto karudi kazini kakuta godoro sakafuni. Akatandika shuka hapo hapo chini. Afadhali angegomba.

Fundi pikipiki kaja, kasafisha kabureta, kabadilisha plagi, katoa yai. Kapiga kiki. Ikanguruma! Sauti ile ile. Nywele zilinisimama, nikamwona Mzee anaingia na buti zake zina tope, mimi mtoto nakimbilia kukaa juu ya tangi. Mama watoto akatoka jikoni, akasema mpigie wifi sasa hivi, weka simu hapo kwenye bomba la moshi, Mzee asikie. Ebo! Baba mzazi nimtumie moshi kwa simu? Nikamwambia ana haraka. Nikazima.

Jumatano, 5 Juni

Ilikuwa tuondoke leo. Tela limepakwa rangi nyekundu, halijakauka. Siwezi kwenda kwa Mzee na tela linaloonekana kitanda.

Fundi wa kuchomelea kanipa somo nisiloliomba. Mzigo mzito ukae mbele ya magurudumu ya tela, kuelekea gari. Ukikaa nyuma, tela litacheza mkia, litakung'oa barabarani. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo. Yeye hajui hesabu zangu. Pikipiki ikitazama mbele, itabidi niishushe kinyumenyume, nahema, watu wananitazama. Mimi naipakia ikitazama nyuma, gurudumu la mbele nyuma kabisa, mdomoni mwa tela. Nikifika kona, nakaa, nawasha, nateremka kama maji.

Dada kapiga tena. Kila chombo kikipita nje, Mzee anageuza shingo. Nikasema mwambie niko njiani. Dada kauliza mbona nasikia kuku. Nikakata.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa!

Tuliondoka vizuri. Sanduku la vifaa pia nililiweka nyuma, ili liwe karibu na mkono. Mama watoto akageuka, akasema hilo tela linatikisa kiuno. Nikasema ni upepo. Akasema miti mbona imetulia. Tukafika mteremko mrefu, nikakanyaga mafuta tuumalize upesi. Tela likaenda kushoto, likarudi kulia, likatuburuta sisi! Mara gari liko mtaroni, limetazama tulikotoka. Pikipiki imelala kwenye majani. Mama watoto kashika mkono wake, kapauka, watoto kiti cha nyuma wanalia. Niliogopa kufa.

Aliyekuja kututoa ni nani? Mjuaji, mama watoto kampigia. Alivuta gari, akaangalia tela, akaangalia pikipiki, akaikung'uta majani. Kisha akasema kwa upole, shemeji, injini nzima hii, ni rimu tu imepinda. Tuipakie kwenye pikapu, twende sasa hivi, Mzee hana muda. Mama watoto akasema tafadhali, baba watoto. Kaniita hivyo hata hasira hana.

Nikakataa. Niingie kwa baba yangu nimekaa kwenye pikapu ya Mjuaji? Nikasema rimu itanyooshwa, nitakuja kesho asubuhi kwa miguu yangu mwenyewe, yaani kwa magurudumu. Mama watoto akapanda pikapu na watoto, mkono kaufunga kwa kanga. Hakunipungia.

Ijumaa, 7 Juni

Nimelala garini mlangoni kwa fundi wa rimu, naye kafungua jua limeshapanda. Simu imekufa chaji. Nikapakia tena, ikitazama nyuma, maana mpango ni mpango. Nikaenda mwendo wa konokono, malori yananipigia honi.

Kona. Nikajipaka vumbi. Nikakaa, nikapiga kiki, nikateremka kama maji! Haki ya Mungu, ilikubali! Nikaingia getini nimevuta mafuta mpaka mwisho.

Watu wamekaa uani, kimya. Wanawake wamejifunika. Hakuna aliyesimama.

Mzee kaondoka alfajiri.

Sikumbuki nilikaa muda gani juu ya ile pikipiki. Ilikuwa inanguruma tu. Dada akaja, macho mekundu, akanyoosha mkono akazima swichi yeye mwenyewe. Akasema, kaka, amekungoja.

Mama watoto kaniambia mengine, nyuma ya nyumba. Jana walipofika, Mjuaji alipeleka pikapu chini ya dirisha la Mzee, akaingurumisha sana, ili Mzee afikiri ndiyo yenyewe. Mzee akasikiliza. Akasema, hiyo siyo. Hakusema tena neno. Nimelia mpaka sauti imekauka. Baba yangu! Simu ningeiweka tu kwenye bomba la moshi.

Jumamosi, 8 Juni

Maziko kesho. Mjuaji kasema pikapu yake ipo, ameshaiosha, itambeba Mzee. Aha! Nilijua tu! Nikasimama mbele ya wazee wote, nikasema baba yangu atabebwa na tela la mwanawe. Wazee wakatazamana. Dada akainama. Mjuaji akasema, sawa shemeji, kama roho yako inataka.

Nimeshapima. Jeneza ni refu kuliko tela, lakini si tatizo. Nitalisogeza nyuma, upande wa kichwa utokeze kidogo mdomoni, ili tukifika literemke kwa heshima, bila kuhangaika mbele za watu. Mikanda ile ile. Rangi nimeigusiagusia palipochubuka.

Makaburi yako chini ya mteremko. Nimemwambia mama watoto akae mbele na mimi. Kasema atakwenda kwa miguu, na watoto wote anao yeye.