Mpaka Ulionenepeshwa

Habari ya siku ile kijiweni haikuhitaji redio. Ilikuwa imepakwa kwenye ukuta wa kibanda cha Kinyozi: alama ya X nyekundu ya kubomolewa, rangi bado mbichi. Ramani ya mipaka ya barabara imechapishwa upya, walisema wapakaji, na kibanda kimeingia mpakani. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na mashine mkononi. Mteja wake alishatimua mbio, nusu ya kichwa haijanyolewa.

Kwenye benchi tulikuwa watatu: mimi, Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu chochote isipokuwa mambo ya wenzake, na Rula, mchoraji wa ramani wa ofisi ya mji. Rula alikuwa ameinamia kikombe cha kahawa kama mtu anayetafuta pa kutorokea.

"Rula," Kinyozi akaanza, "kibanda changu kimetembea usiku?"

"Hakijatembea. Mstari umenenepa."

"Umekula nini?" Hakimu akadakia.

"Sikilizeni. Kwenye kompyuta mistari yote inalingana unene, ila kila mmoja una rangi yake. Ukitaka kuchapisha, kuna jedwali la kalamu. Humo unaiambia kila rangi itoke na unene gani. Kijani, kwa mfano, ni miti."

"Miti ipi?"

"Hiyo nimeipa kalamu nyembamba kuliko zote. Kwenye karatasi huioni."

"Na huku nje hatuioni. Endelea."

"Nyekundu ni mpaka. Ilikuwa nyembamba kama unywele. Mkurugenzi akaja hana miwani, akasema mpaka gani huu hauna heshima, nenepesha. Nikaweka milimita mbili."

"Milimita mbili ndiyo inibomolee kibanda?" Kinyozi akauliza.

"Kaka, milimita moja ya ramani ile ni mita moja ya ardhi. Mstari wenyewe sasa una upana wa mita mbili. Wewe hauko mbele ya mpaka wala nyuma. Uko ndani."

"Mstari hauna upana," Hakimu akasema. "Tulifundishwa shule."

"Wa shule hauna. Wa ofisi unao."

Tukacheka. Kinyozi hakucheka. Kibanda kile ndicho kinachosomesha wanawe, na nilipomwona anaupapasa ukuta kama anampoza mgonjwa, nikaona haya.

"Si urudishe kalamu ya zamani?" akasema.

"Nilimshauri Mkurugenzi. Akanijibu mwenye macho haambiwi tazama."

Hakimu akakuna kidevu. "Mstari huo ukipanda mtaa wa juu, haugusi nyumba ya Mkurugenzi?"

Rula akaangalia huku na huku. "Unapita katikati ya baraza."

"Anajua?"

"Ataonaje?"

Kinyozi hakungoja. Akavua miwani yake ya kunyolea, akaifuta kwa pindo la shati, akamshikisha Rula. "Mwambie namwazima. Aangalie ramani yote, mwanzo mpaka mwisho."

Rula akaenda. Kinyozi hakunyoa mtu mchana kutwa. Bila miwani, masikio ya watu yangekuwa hatarini. Hakimu naye alishatoa hukumu: "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Leo ataonja."

Alasiri Rula akarudi na karatasi ndefu kwapani.

"Ameona?" Kinyozi akauliza.

"Ameona. Nusura azimie. Ameamuru kalamu nyembamba papo hapo."

Kinyozi akaketi, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Usishukuru kwanza. Ramani ina kurasa nyingi, na huo ni ukurasa wenye nyumba yake tu. Ukurasa wa Mkurugenzi sasa una jedwali lake la kalamu."

"Na wetu?"

"Anasema mpaka wa mji hauwezi kupungua unene hivi hivi. Uliotolewa kwake umehamia huku. Ninyi ni milimita tatu."

Kinyozi akanyoosha mkono taratibu. "Basi nipe miwani yangu."

"Amebaki nayo. Anasema kuna kurasa nyingi hajaziangalia."

Hakimu akaweka kikombe chini. "Nyumba yangu iko ukurasa wa ngapi?" akauliza, lakini hakusubiri jibu. Alishaanza kukimbia kuelekea nyumbani kwake.