Ngazi Saba za Chumba cha Magazeti

Jumatatu, 3 Machi 2025
Miaka arobaini na mmoja tangu niteremke kutoka milima ya Uluguru. Leo tena nimeshindwa na ngazi saba! Ngazi za maktaba ya mtaa wetu. Nilisimama chini, nikajifanya natazama milima. Wiki ya tatu sijasoma gazeti. Sheria ya watu wenye ulemavu iko wazi: jengo la umma, kila mtu aweze kuingia. Lakini Mluguru, mtu wa milimani, alalamikie ngazi? Watanicheka hadi Pasaka. Basi nimeandika malalamiko kwa jina la jirani yangu Mwinshehe, mwenye kiti cha magurudumu. Hana habari. Mpango safi.

Jumatano, 5 Machi
Mpango si safi. Editha wa maktaba alimpelekea Mwinshehe barua nyumbani, aitie sahihi. Mwinshehe akauliza ni mzee gani mtaa mzima wa Mafiga anayeandika "kwa mujibu wa" mara nne katika ukurasa mmoja. Akaja kwangu akicheka. Akasema mtani, barua nzuri, naitia sahihi, ila na wewe weka yako; haki haiulizi umezaliwa mlimani au bondeni. Nikasema magoti yangu mazima. Akasema haya, twende ukapande, mimi nahesabu. Nikakumbuka maharage jikoni! Nimetia sahihi kama shahidi tu.

Jumatatu, 24 Machi
Barua imejibiwa kwa zege! Njia ya mteremko, vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Mwinshehe akapanda huku anapiga mluzi. Makofi. Mimi nikachagua ngazi, kwa heshima ya kabila. Ya nne, magoti yakagoma. Juu siendi, chini siwezi. Mwinshehe akatokea mlangoni na gazeti, akanisomea vichwa vya habari kwa sauti, kimoja cha kubuni: Mluguru akwama mlimani! Editha akasema shikamoo babu, samahani, akanishika mkono, akanishusha. Mwinshehe akahamia kwenye benchi. Nikapandishwa kwa kiti chake! Nilisoma magazeti manne. Raha tupu.

Jumanne, 25 Machi
Nimewaza. Njia ile inafaa sana, kwa wengine. Nimeandika malalamiko mapya, kwa jina la Editha: magazeti yatolewe nje, kwa ajili ya wazee wapenda upepo. Kwa mujibu wa sheria. Hana habari. Jioni mpwa wangu Scholastika akapiga simu kutoka kijijini. Akauliza mjomba, unapanda lini huku mlimani, shamba la ukoo linakungoja. Nikamwambia nimebanwa na shughuli za mjini. Magoti sikuyataja. Mlimani sitarudi.