Daftari la Nukta Ninalo Mimi

Nyumba ya Bibi, nyuma ya zizi,
Daa, Karatu.
Jumanne, maharage ya ngwara yakiwa yameanza kutoa maua.

Kwa Bi. Lusia, Mama Germana,
Msimamizi wa Vyumba,
kule lodge, karibu na geti la Ngorongoro.

YAH: KUSHIKILIWA KWA DAFTARI LAKO LA NUKTA

Ndugu Mkwe,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Habari za kazi na baridi ya huko juu? Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi, ambaye sitasema kitu kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Acha kulitafuta daftari lako. Nasikia umempigia Silvanus simu mara saba, naye, mume wako masikini, amepekua chini ya godoro, nyuma ya kabati na ndani ya gunia la pumba. Ninalo mimi. Nililichukua Jumapili baada ya misa, mchana kweupe, na sikuona aibu. Nimelifunga kwenye kanga safi. Halijalowa wala halijachanika, kwa hiyo usianze kulia mbele ya wageni.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu anayelala hatua arobaini kutoka jikoni kwako. Ningeweza kukusubiri ushuke Ijumaa nikwambie kwa mdomo. Lakini nimeona kwamba siku hizi katika boma hili maneno ya mdomo tumewaachia kuku, na kinachosikilizwa ni wino. Basi na mimi nimechukua wino. Nilijifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, jioni baada ya kulima, mtoto mgongoni (mtoto mwenyewe ni huyo mume wako), na mwalimu alisema herufi zangu zimesimama kama mahindi yaliyowekwa mbolea. Kwa hiyo usije ukasema nimeandikiwa na Germana.

Ninachotaka ni kitu kimoja, na nakitaja mapema usije ukachoka kabla ya kukifikia. Nataka watu waje mlangoni kwangu asubuhi. Kabla ya Januari walikuwa wanakuja. Silvanus alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama pale kwenye kizingiti, "Mama, leo tunaanzia wapi?" Nikamwambia. Germana alikuja huku anachana nywele, "Bibi, zamu ya maji leo ni ya nani?" Nikamwambia. Hata wewe na haraka zako ulikuja kuuliza kuku aliyelalia ataangua lini, nikakwambia, na aliangua siku hiyo hiyo. Halafu yule mgeni wako wa kizungu akakuachia daftari lake jipya, eti asante kwa kumtandikia kitanda vizuri, akakufundisha na jinsi ya kulijaza. Tangu hapo mnaamka mnalitazama lenyewe. Mlangoni kwangu anakuja jogoo. Sisemi kwamba nina upweke. Nasema jogoo haulizi kitu.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Mshale. Ukurasa wa kwanza umeeleza alama zako. Nukta ni kazi ya kufanya, X ni kazi iliyofanyika, mshale ni kazi iliyohamishiwa siku nyingine. Mpaka hapo sina ugomvi. Sasa tazama pale palipoandikwa "Kuziba uzio wa shamba la mahindi". Januari kuna nukta. Februari mshale. Machi mshale. Aprili mshale, tena huo umeupamba kwa zambarau na kuuwekea manyoya nyuma, kama wa kwenda kuwindia. Zamani katika boma hili kazi isiyofanyika ilikuwa aibu, mtu alikwepa macho yangu wiki nzima. Sasa nikimwuliza mume wako ananijibu kifua mbele, "Sijaacha, Mama, nimehamisha." Amehamisha! Ng'ombe wa jirani yetu Patrisi hawakuhamisha. Walipita kwenye pengo lile lile na kunilia mistari minne ya mahindi, na nilipokwenda kuwafukuza sikuona hata mmoja aliyejali zambarau yako.

2. Mahali nilipowekwa. Ukurasa wa Machi, chini ya kichwa "Mengineyo", kuna "sabuni ya unga", halafu "Bibi", halafu "chanjo ya kuku". Nimezaa watoto sita. Nimemzika mume. Nimeilima ardhi hii kwa jembe la mkono kabla trekta halijaijua njia ya Daa. Na nafasi niliyopewa ni kati ya sabuni na kuku! Tena nimepigwa X. Barabara ilipopanuliwa tuliziona nyumba zilizopigwa X nyekundu, na sote tunajua zilikoishia. Nilimpelekea Germana nikamwonyesha kwa kidole. Akasema bila hata kuinua macho kwenye simu, "Maana yake umeshafanyika, Bibi."

Umeshafanyika! Nikakaa chini. Kumbe siku hiyo ulikuwa umeninunulia dawa ya goti. Sasa si ungeandika goti?

3. Rangi. Kuna ukurasa wa visanduku ambapo kila mtu wa nyumbani anapakwa rangi kufuatana na alivyoamka. Njano furaha, kijani kawaida, bluu huzuni, nyekundu hasira. Silvanus amepakwa bluu siku tano mfululizo. Hakuwa na huzuni, alikuwa na jino. Mstari wangu mimi ni mwekundu kuanzia tarehe mosi Aprili mpaka tarehe thelathini, pamoja na Pasaka. Pasaka nilicheka, Mama Germana! Nilicheka mbele ya kanisa zima, na Padre aligeuka kutazama. Wewe ulinionea wapi hiyo hasira, wakati mlangoni kwangu hukuja?

(Ukurasa wa "glasi nane za maji kwa siku" sitaugusa. Maji tunachota mbali na punda, wewe unajipa alama kwa kuyanywa.)

4. Mzee Ngoyai. Hili ndilo lililonifanya nichukue hatua. Unamfahamu Mzee Ngoyai, rafiki wa marehemu baba mkwe wako, mfugaji wa kule Ngorongoro, ambaye kila akishuka mnadani Karatu lazima afike hapa kunywa chai. Mwezi uliopita alifika. Ng'ombe wetu walikuwa malishoni, mimi nilikuwa jikoni nachemsha maziwa, na daftari lako lilikuwa limelala wazi juu ya meza, ukurasa wa mifugo. Pale juu umechora kichwa cha ng'ombe, na sitakunyima haki yako, pembe zimekaa vizuri. Chini ya kichwa kuna X kumi na tisa na nukta tatu. Wewe unajua na mimi najua kwamba hizo X ni kuogesha joshoni, dawa ya minyoo, chanjo na kadhalika, kazi zote zilizokwisha kufanyika. Lakini Mzee Ngoyai hakusoma shule, amesoma ng'ombe. Alichoona ni kichwa cha ng'ombe, misalaba kumi na tisa, nukta tatu, na nje kuna zizi tupu.

Nilipoingia na chai nilimkuta amevua kofia. Akanishika mkono. "Pole sana, Mama Silvanus. Pole sana." Nikamjibu, "Nimeshazoea, Mzee wangu, asubuhi ndiyo linauma zaidi." Mimi nilidhani anazungumzia goti. Akatikisa kichwa, akanywa chai bila sukari, akaondoka. Wala hakukosea kutouliza. Mfugaji hamwulizi mwenzake wamebaki wangapi, na msibani ndiyo kabisa.

Wiki mbili baadaye wakaingia vijana wake wawili na ng'ombe mtamba mwekundu mwenye mimba, na mbuzi jike wawili nyuma yake. Ukoo mzima wa Ngoyai ulikaa ukachangishana, kama wanavyofanya kwao mtu akimalizwa na ugonjwa wa mifugo, ili sisi tusikae bila maziwa. Tena mwaka huu ambao malisho yamewasumbua wenyewe! Vijana wamesimama uani kwa heshima zote, nyuso za kilio, mmoja ameanza kunipa salamu za rambirambi kutoka kwa baba yake. Na nyuma ya mgongo wake, Mama Germana, ng'ombe wetu wote wanarudi kutoka malishoni, wamenenepa, wanalia mpaka huko kwa Patrisi wanasikika. Kijana akageuka akawatazama. Akanitazama mimi. Akasema taratibu, "Bibi, hawa wamefufuka?"

Nimeolewa katika boma hili miaka hamsini na mitatu. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nimewasihi vijana wasimwambie baba yao neno mpaka tumweleze wenyewe.

Na wewe uliposhuka Ijumaa ulifanya nini? Ulikaa chini, ukafungua daftari, ukaandika, "Kumweleza Mzee Ngoyai kuhusu mtamba." Nukta. Jumamosi iliyofuata, mshale. Jumamosi nyingine, mshale. Mzee wa watu analala akijua sisi ni mafukara, mtamba wake anakula nyasi zetu, na wewe unachora!

5. Ushahidi. Mimi nilisema moyoni, hebu niliondoe hili daftari nione kama nyumba itaanguka. Haikuanguka. Jumatatu alfajiri Silvanus alikuwa mlangoni kwangu na kikombe chake, amezubaa kama mtu aliyepoteza ng'ombe mnadani. "Mama, josho ni leo au kesho?" Nikamwambia ni kesho, saa mbili, awahi foleni. Akaja Germana, "Bibi, kikao cha wazazi shuleni ni lini?" Nikamwambia ni Alhamisi saa nne, na sweta lake lishonwe kiwiko kabla ya hapo. Akarudi Silvanus kuuliza zamu ya punda wa maji, akarudi tena kuuliza mbegu za mbaazi tulimwahidi nani. Leo asubuhi wamekuja wote wawili kwa pamoja mpaka nikatoa benchi. Nimejibu kila swali na sijakosea hata moja. Waulize.

Mzee Ngoyai nimempigia simu mwenyewe, nikamweleza ukweli wote, misalaba na nukta. Alicheka mpaka nikadhani salio litakwisha. Amesema kitu alichokitoa kwa ajili ya pole hakiwezi kurudi kwake kama vile hakikutolewa. Mbuzi ni wa Germana. Mtamba atabaki hapa; akizaa, ndama akiwa jike atakuja kumchukua awe wake, akiwa dume tuchinje tule pamoja. Yamekwisha. Kazi iliyokushinda kwa mishale miwili nimeimaliza kwa simu moja.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa heshima, na nikisema naomba unanijua, yafuatayo. Kwanza, daftari hili lisirudi tena juu ya meza ya sebuleni. Pili, umrudishie mgeni wako popote alipo, na umwambie kwamba huku kwetu lilikuta nafasi imeshajazwa. Tatu, kama ni lazima nyumba hii iwe na daftari, basi daftari ni mimi. Mimi siishi wino, silowi mvua ikinyesha, na hakuna mgeni wa mnadani atakayenikuta nimelala wazi mezani akanisoma vibaya. Nne, ukikataa hayo matatu, nitaliita baraza la ukoo, nitalifungua mbele ya wazee ukurasa wa rangi, na utaeleza wewe mwenyewe kwa nini baba yake Germana alikuwa bluu.

Usidhani nakuchukia. Wewe ni mchapakazi, nimewaambia watu hivyo, ingawa si mbele yako. Najua kulala huko siku tano na kuiendesha nyumba ukiwa mbali si mchezo, na najua ulianza kuandika ili mambo yasiharibike usipokuwepo. Lakini mimi nilikuwepo. Hilo ndilo ulilosahau kuandika.

Wasalimie wapishi wote wa hapo, hasa yule aliyenitumia mkate wenye zabibu. Wasalimie walinzi, wavae makoti. Wasalimie wageni wanaokwenda kreta, waambie wakitaka kuona ng'ombe wazuri wapite na Daa. Yule mzungu wa daftari akirudi, mwambie nimemsamehe nusu. Mtamba naye anawasalimu, anakula vizuri.

Ni mimi mwenye boma, na kwa sasa mwenye daftari,

Laurencia,
Bibi yake Germana.

Nyongeza: Ijumaa njoo na daftari jingine kama hili, lenye nukta vile vile, maana kurasa zilizobaki ni sita. Yale majibu niliyowapa kina Silvanus sikuyatoa kichwani. Josho nilikuwa na uhakika kabisa lilikuwa Ijumaa iliyopita, na kikao cha wazazi sikujua hata kama kipo. Niliyasoma humu, ukurasa baada ya ukurasa, huku nimefunga mlango, na hata zile mbegu za mbaazi nisingekumbuka kwamba tulimwahidi Patrisi. Usimwambie mtu. Sasa nimeandika na yangu, ni mengi, mambo ya tangu enzi za baba mkwe wako ambayo hakuna aliyekuwa anayajua ila mimi. Daftari litakaa huku kwangu, juu ya kile kimeza karibu na mlango. Atakayetaka kulitazama asubuhi apige hodi kwanza, aseme shikamoo, ndipo nimsomee. Jumamosi yako nimeshaipanga, ina nukta tisa, na ya kwanza ni kunywa chai na mimi. Usichelewe, hizo nane nyingine ni nzito.